Mshauri wa sanaa hupimwa kwa anachokataa

Tazama picha za majumba ya wakusanyaji wa sanaa zinazochapishwa katika majarida ya usanifu, iwe nyumba iko New York, Dubai au Hong Kong, na mara nyingi utakuta majina yale yale ukutani: maboga ya Yayoi Kusama, nyuso za Andy Warhol, pengine na mchongo wa Jeff Koons bustanini. Kila mmoja wa wasanii hao ana nafasi yake katika historia, na hakuna ubaya wowote kumiliki kazi zao. Lakini mtu anapotumia mamilioni ya dola kwa miaka mingi, na mwishowe akawa na ukuta unaofanana na wa jirani yake, tuna haki ya kuuliza mshauri wake alikuwa akilipwa kwa kazi gani.

Hoja yangu ni kwamba mshauri mzuri wa sanaa hapimwi kwa milango anayoweza kumfungulia mteja, wala kwa punguzo la bei analompatia, bali kwa mpaka anaomsaidia kuuweka na kuulinda. Mkusanyo wenye sura yake huanza pale mtu anapojua asichokinunua, hata kikiwa kizuri, hata kikiwa cha bei nafuu, hata kikiwa kinasifiwa na kila mtu. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu unatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja, na una mafanikio na makosa kwa pamoja, ndiyo maana unafaa kuchambuliwa.

Kwa wasioifahamu kazi yenyewe, mshauri wa sanaa hulipwa na mnunuzi ili amtafutie kazi za kununua, achunguze zimepita mikononi mwa nani, apatane bei, kisha asimamie usafirishaji, bima na uhifadhi wake. Galari humhudumia msanii, na nyumba ya mnada humhudumia anayeuza. Mshauri peke yake ndiye anayetarajiwa kusimama upande wa anayenunua. Hiyo ni nadharia, na jinsi inavyovunjwa nitaieleza mbele.

Mpaka hauhitaji kuwa na falsafa nzito. Herbert na Dorothy Vogel wa New York, mume akiwa mfanyakazi wa posta na mke mkutubi, waliishi kwa mshahara wa Dorothy na kununua sanaa kwa mshahara wa Herbert. Masharti yao yalikuwa mepesi: kazi iwe ya bei wanayoimudu, iwe ya ukubwa wa kuingia katika nyumba yao ya chumba kimoja cha kulala, na waweze kuibeba wenyewe kwa teksi au kwa treni ya chini ya ardhi. Masharti hayo yaliwaelekeza kwa wasanii vijana ambao wakati huo hawakuwa na wanunuzi wengi, na kufikia mwaka 1992, walipokubaliana na National Gallery of Art ya Washington iuchukue mkusanyo wao, nyumba ilikuwa imejaa hadi chini ya kitanda. Jumla ya kazi walizozikusanya ilizidi 4,000. Hawakuwa na mshauri, na hawakumhitaji, kwa sababu walikuwa na kitu ambacho matajiri wengi hawana, nacho ni muda wa kwenda wenyewe katika karakana za wasanii wiki baada ya wiki. Anachokiuza mshauri, tukisema kweli, ni miguu na macho kwa mtu mwenye fedha asiye na nafasi.

Sasa tuje kwa mfano wenyewe, wa mkusanyaji Jean Pigozzi na mshauri wake André Magnin. Mwaka 1989 jijini Paris, katika Centre Pompidou na Grande Halle de la Villette, yalifanyika maonyesho yaliyoitwa Magiciens de la terre chini ya usimamizi wa Jean-Hubert Martin. Walialikwa wasanii wapatao 100, karibu nusu yao wakitoka nje ya Ulaya na Amerika Kaskazini, jambo ambalo makumbusho makubwa ya sanaa ya kisasa hayakuwa yakilifanya. Magnin alikuwa miongoni mwa waandalizi, na Afrika ilikuwa sehemu ya kazi aliyopewa. Pigozzi, mtoto wa mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Simca, aliyaona maonyesho hayo yakiwa karibu kufungwa. Kabla ya hapo alikuwa akinunua kama walivyonunua wenzake. Baada ya hapo alimtafuta Magnin, na wakakubaliana kuanza mkusanyo wenye masharti machache yanayoweza kuandikwa nyuma ya bahasha: msanii awe Mwafrika mweusi, awe hai, na awe anaishi na kufanya kazi kusini mwa Sahara. Magnin ndiye aliyezunguka, na Pigozzi ndiye aliyelipa. Ushirikiano huo ulidumu takriban miaka 20, hadi mwaka 2009, Magnin alipoondoka na kuanzisha kampuni yake mwenyewe jijini Paris.

Faida ya mpaka huo haikuwa tu kwamba ulimtofautisha Pigozzi na matajiri wengine. Kwa kuwa washindani walikuwa wachache mno, aliweza kununua kwa kina badala ya kununua kwa upana, yaani kazi nyingi za msanii mmoja badala ya kazi mojamoja ya kila mwenye jina. Frédéric Bruly Bouabré wa Côte d'Ivoire alibuni alfabeti ya lugha yake ya Kibété, na akaichora yote, silabi kwa silabi, katika michoro midogo 449 ya kalamu za rangi kwenye vipande vya kadi. Mnunuzi wa kawaida angechukua kadi tano nzuri akazitia kwenye fremu ya sebuleni. Kadi tano za alfabeti hazimfundishi mtu kusoma, na michoro hiyo ina maana ikiwa pamoja. Vivyo hivyo kwa Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa, aliyejenga miji mizima ya kuwaziwa kwa karatasi, kadibodi na makopo ya vinywaji, minara na viwanja vya michezo na barabara zisizo na takataka hata moja. Kuuelewa mradi wake kunahitaji kuuona mji baada ya mji. Makumbusho ya MoMA mjini New York yalipomfanyia maonyesho makubwa mwaka 2018, sehemu muhimu ya kazi zilizoonyeshwa ilitoka kwa Pigozzi, na mwaka uliofuata Pigozzi akayapa makumbusho hayo kazi 45 za wasanii wa Afrika. Makumbusho yaliyo tajiri kuliko yeye yalilazimika kumtegemea mtu mmoja na mshauri wake, kwa sababu wao wawili walianza mapema na hawakuyumba.

Kisa cha Seydou Keïta ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi nguvu ya mshauri, na pia hatari yake. Mwaka 1991 kituo kimoja cha sanaa ya Kiafrika mjini New York kilionyesha picha za watu wa Bamako zilizopigwa studio, na maelezo yake yakasema mpiga picha hajulikani. Pigozzi alizipenda, na Magnin akafunga safari hadi Mali kumtafuta mwenye picha. Bamako wenyewe hawakuwa na fumbo lolote. Keïta alikuwa amefungua studio yake mwaka 1948, si mbali na stesheni ya reli, na watu wa mji walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwake kwa miaka mingi. Asiyejulikana New York alikuwa akijulikana na kila familia yenye albamu ya picha katika mji wake. Mwaka 1994 Fondation Cartier ya Paris ilimfanyia maonyesho, na tangu hapo hakuna historia ya upigaji picha inayoweza kuandikwa bila jina lake.

Zitazame picha hizo kwa karibu. Nyuma ya mabibi waliojifunga vilemba na vijana walioketi juu ya pikipiki ya kuazima kuna kitambaa chenye maua au michirizi, na kitambaa cha kwanza kabisa kilikuwa shuka la kitandani mwa Keïta mwenyewe. Alikuwa akikibadilisha kila baada ya miaka kadhaa, na uzeeni aliweza kuutaja mwaka wa picha kwa kuliangalia pazia tu. Habari ya namna hiyo ndiyo thamani halisi ya mshauri anayekwenda hadi kwa msanii, kwani haipatikani katika orodha ya mnada. Lakini zitazame pia kwa ukubwa wake. Picha aliyokabidhiwa mteja wa Bamako ilikuwa ndogo, sentimita 13 kwa 18, ya kushikwa mkononi, ya kutumwa kwa ndugu aliye mbali au kuwekwa kwenye albamu. Picha zilizoning'inizwa Ulaya na Marekani zilisafishwa upya kutoka kwenye negativu, nyingine kubwa mara nyingi kuliko zile za awali, na zikageuka kuwa mabango ya ukutani. Mshauri hapo hakutafuta sanaa tu; alishiriki kuamua sanaa hiyo iwe na umbo gani. Keïta mwenyewe alizikubali picha kubwa na kuzitia saini, kwa hiyo sisemi kwamba alidhulumiwa katika hilo, ingawa baada ya kifo chake mwaka 2001 ulizuka mzozo mkali kuhusu nani mwenye haki juu ya negativu zake. Ninachosema ni kwamba mkusanyaji makini angemwagiza mshauri wake amtafutie zile ndogo kwanza, zenye pembe zilizochakaa na mihuri ya studio mgongoni, kabla ya kupamba ukuta kwa zile kubwa.

Mpaka uliompa Pigozzi sura yake ulikuwa na upofu wake. Masharti yaliyotangazwa hayakusema lolote kuhusu shule, lakini jicho la Magnin lilivutwa zaidi na wasanii waliojifunza wenyewe au waliotoka katika karakana za mitaani. Kutoka Tanzania aliingia George Lilanga, Mmakonde wa kusini aliyekuwa Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, mtu wa mashetani yenye masikio makubwa, matumbo ya mviringo na miguu inayocheza, na hakuna asiyefurahi kumwona humo. Walioachwa nje ni watu wa Makerere, waliopita katika chuo ambacho Margaret Trowell alianza kufundishia sanaa mwaka 1937: Sam Ntiro, Elimo Njau, Theresa Musoke na wenzao. Mtu aliyeijua Afrika Mashariki kupitia mkusanyo wa Pigozzi aliyajua mashetani ya Lilanga na hakuijua migomba ya Kilimanjaro ya Ntiro. Na kejeli ya jambo hili ni kwamba MoMA ilikuwa imekwisha kununua mchoro wa Ntiro tangu mwaka 1960, ukionyesha wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku, miaka 29 kabla Pigozzi hajaingia katika maonyesho ya Paris.

Wakosoaji wengi, wasomi wa Kiafrika wakiwa mbele, waliushambulia mkusanyo huo kwa sababu hiyo: kwamba ulimtaka Mwafrika asiyesoma, mwenye ajabu, asiyejibizana na historia ya sanaa ya dunia. Nakubaliana nao nusu. Mtu binafsi anaponunua kwa fedha yake ana haki ya kupendelea, na kama nilivyosema, pasipo upendeleo hakuna sura. Kosa lilikuja pale upendeleo huo ulipobandikwa jina la bara zima. Kazi za Pigozzi zilipoonyeshwa Houston mwaka 2005 na Guggenheim ya Bilbao mwaka 2006, majina ya maonyesho yalizungumza kama kwamba hiyo ndiyo sanaa ya Afrika ya leo, tena kwa asilimia mia. Hapo mshauri alikuwa na wajibu wa kusema hapana kwa mara nyingine. Alipaswa kumwambia mteja wake na makumbusho yale kwamba hiki ni kile tulichokipenda sisi wawili, na tulichokiacha ni kingi.

Linabaki suala la malipo, ambalo katika mazungumzo ya sanaa hupitwa haraka kwa aibu. Aliyewahi kutafuta nyumba ya kupanga Dar es Salaam anamjua dalali anayemwambia mpangaji kwamba yuko upande wake huku akipokea ahsante ya mwenye nyumba pembeni. Soko la sanaa lina madalali wa aina hiyo waliovaa suti. Bernard Berenson, mtaalamu mkubwa wa michoro ya Italia, ndiye aliyemsaidia Isabella Stewart Gardner wa Boston kuupata mwaka 1896 mchoro wa Europa wa Titian kwa pauni 20,000. Mteja alimlipa kamisheni, huku Berenson akiwa na fungu lake pia kwa wauzaji wa London. Baadaye, kuanzia mwaka 1912, alifunga mkataba wa siri na mfanyabiashara Joseph Duveen uliompa robo ya faida ya michoro aliyoithibitisha. Fikiria maana yake: mtu ambaye neno lake ndilo linaloamua mchoro ni wa nani, anapata zaidi neno hilo likiwa la kupendeza.

Hata hivyo mkusanyo wa Gardner ni miongoni mwa mikusanyo yenye sura ya pekee kabisa duniani. Alizipanga kazi mwenyewe, akachanganya michoro na viti na vitambaa na barua, akafungua nyumba hiyo kwa watu mwaka 1903, na akaacha wasia kwamba kisihamishwe chochote, hata leo fremu za kazi zilizoibwa mwaka 1990 zinaning'inia tupu mahali pake. Berenson aliweza kumwongezea bei, lakini hakuweza kumchagulia ladha. Mshauri anayepokea malipo pande zote mbili humwumiza zaidi mteja asiye na jicho lake, ambaye hana cha kumpima kwacho. Na mambo haya hayakuisha na karne ya Berenson: mwaka 2025 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu mshauri mmoja aliyekuwa akisifika, baada ya kukiri kwamba alitumia mamilioni ya dola ya wateja wake, nyingine zikiwa fedha za kazi alizowauzia.

Ndiyo maana napendelea mshauri alipwe kwa muda wake, kwa mwezi au kwa saa, kuliko kwa asilimia ya bei. Asilimia humfanya atajirike kila mteja anaponunua kwa bei kubwa, na humwacha mikono mitupu kila anapomzuia mteja asinunue, ilhali kumzuia ndiyo huduma yake bora. Mkataba useme waziwazi kwamba hapokei chochote kwa muuzaji, na kwamba hana kazi zake mwenyewe anazozitafutia wanunuzi. Mshauri anayenung'unika juu ya sharti hilo amekwisha jibu swali.

Kwetu, soko lenye bei zinazoonekana hadharani bado ni changa. Minada ya sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki ilianza kufanyika Nairobi mwaka 2013, na kabla ya hapo bei ilikuwa siri kati ya msanii, galari na mgeni aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao. Lakini tuna mkusanyaji wa kwetu wa kujifunza kwake. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekaa katika wadhifa huo kwa miezi michache tu mwaka 1966, alikusanya vitabu, stempu, vito, nguo na sanaa za bara zima, na mwaka 1972 akaanzisha African Heritage jijini Nairobi pamoja na mkewe Sheila na Alan Donovan, Mmarekani ambaye kwa miaka mingi alikuwa jicho la pili la mkusanyo huo. Murumbi alikataa kuwauzia wageni walioutaka, akaiuzia serikali ya Kenya nyumba yake ya Muthaiga na hazina yake ili pawe na taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikusimama, na nyumba ikabomolewa. Vitu vyenyewe vilinusurika, vingine vikiwa katika jengo la Nyaraka za Taifa, vingine Nairobi Gallery. Ladha yake haikuwa na dosari. Kilichokosekana ni mpango wenye meno kuhusu mwisho wa mkusanyo, ambao mshauri anapaswa kuuandika mapema, mteja angali hai na mwenye nguvu ya kudai.

Ugumu mwingine wa kwetu ni karatasi. Mchukue Lilanga tena. Kisukari kilimfanya akatwe miguu, naye akaendelea kufanya kazi akisaidiwa na vijana wa karakana yake, wengine wa ukoo wake mwenyewe, hadi alipofariki mwaka 2005. Kuna kazi za mkono wake mtupu, kuna za karakana alizozisimamia, kuna za jamaa waliorithi mtindo, na kuna za kughushi. Saini peke yake haitoshi kuzitenganisha. Mshauri anayejua kazi yake ataigeuza mbao na kuutazama mgongo, aulize ilinunuliwa wapi na kwa risiti gani, ailinganishe rangi na za kazi za miaka ile zenye historia inayofahamika, na akishindwa kuridhika amwambie mteja aiache. Mteja ataudhika, kwa kuwa shetani lile lilikuwa zuri kweli.

Kama ningeombwa leo kumshauri mkusanyaji wa Dar es Salaam, Kampala au Nairobi mwenye fedha ya kadiri na subira ya kutosha, ningempa mpaka ambao Pigozzi aliuacha wazi: wachoraji wa Makerere na waliowafuata, hasa wale ambao misukosuko ya Uganda ya miaka ya 1970 iliwapeleka Nairobi, kama Theresa Musoke. Si kwamba hawajulikani. Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi, alipopewa kumbi za Haus der Kunst ya Munich mwaka 2020 na Royal Academy ya London mwaka 2021, aliwatengea nafasi wachoraji wa Afrika Mashariki chini ya jina la Kiswahili, Mwili, Akili na Roho, akianza na kizazi cha Ntiro, na taasisi aliyoianzisha Nairobi inaendelea kuwaonyesha. Wanunuzi wa Ulaya wamekwisha kuliona hilo. Walichonacho wakusanyaji wa hapa ambacho wale hawana ni ujirani: wanaweza kufika kwa wajane, watoto na wanafunzi wa wachoraji hao bila ndege, na kuzungumza nao kwa lugha yao. Kwa mwaka wa kwanza mshauri asinunue kitu. Apige picha kila mchoro mbele na nyuma, aandike vipimo na mwaka, arekodi maelezo ya waliokuwepo unapochorwa, na aache nakala ya kumbukumbu hizo kwa familia yenyewe, ili siku bei itakapopanda warithi wajue walicho nacho kabla dalali hajabisha hodi.